Ngoja Kwanza, Popi

"Mjomba, eti mbwa anaweza kula kamba?"

Swali zuri hilo! Mtoto anayeuliza kabla hajatumbukiza kitu mdomoni mwa mnyama nampenda sana. Ana huruma, na ana akili. Basi sogeeni. Na wewe ambaye kwenu hamfugi mbwa, usiondoke. Hadithi hii ina kaa anayejisifu.

Paukwa!

Mbona wamejibu wawili tu? Paukwa!

Pakawa. Haya.

Palikuwa na msichana, tumwite Neema. Alikaa Bagamoyo, karibu na bahari. Bagamoyo iko Tanzania, kaskazini ya Dar es Salaam. Mito miwili, Ruvu na Wami, humwaga maji yake baharini pande hizo. Pale maji ya mto yanapochanganyika na maji ya chumvi, kwenye matope ya mikoko, watoto wa kamba hujificha na kukua. Ndiyo maana kamba si wageni kwa wavuvi wa huko.

Neema alikuwa na mbwa aitwaye Popi. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Usiku Popi alilinda nyumba. Mchana alilala chini ya mwembe. Na jioni? Jioni Popi alikuwa na kazi moja tu: kuomba.

Siku moja mama yake Neema akarudi kutoka sokoni na kikapu. Akakitua uani, akaingia ndani kuchukua kisu. Popi akainua pua. Mh! Akasogea hatua moja. Akasogea hatua ya pili. Pua ikazama kikapuni.

"Ngoja kwanza, Popi!"

Nani huyo? Si mama. Mama yuko ndani. Si Neema. Neema anafagia. Sauti imetoka kikapuni. Ni Kamba, masharubu marefu, macho yamemtoka.

"Ngoja kwanza, Popi," akasema Kamba. "Kuliwa sikatai. Nimeshavuliwa, nitafanyaje? Lakini hebu nitazame. Kichwani nina mwiba wenye meno. Mkiani nina mwiba mwingine. Mwili mzima nimevaa ganda. Na wewe ninavyokujua, hutafuni. Wewe unameza. Ganda langu likikukwama kooni, atalitoa nani?"

Kamba alisema kweli. Mbwa mzima ana meno 42. Wewe ukishakuwa mtu mzima utakuwa na 32. Lakini mbwa hatumii meno yake kama sisi. Anararua, anakata, anameza. Hakai na tonge mdomoni akilifikiria.

"Mjomba, si ganda litayeyuka tumboni?"

Swali jingine zuri! Kipande kidogo chembamba huenda kikapita salama. Lakini ganda la kamba ni gumu kusagika tumboni. Kipande kikubwa huweza kukwama njiani. Chenye ncha huweza kukwaruza koo au kutoboa utumbo. Na mbwa akizibika utumbo, dawa ya kunywa haimsaidii. Mara nyingi daktari hulazimika kumpasua. Kwa sababu ya ganda! Hata nyama hakuionja.

Neema akaacha ufagio. Akachutama mbele ya kikapu. Hakushangaa kwamba kamba anasema. Watoto wa hadithi hawashangai ovyo.

"Basi nikumenye?" akauliza.

"Nimenye," akasema Kamba. "Toa kichwa. Vua ganda lote. Miguu, toa. Mkia, toa pia. Msinisahaulie mkia! Watu hupenda kuuacha, eti mapambo. Popi hali mapambo. Halafu nipasue kidogo mgongoni. Utaona uzi mweusi. Uvute."

"Uzi wa nini?"

"Utumbo wangu huo. Una matope, na una nilichokula jana."

"Yuu!" akasema Neema, lakini akauvuta. Nampenda Neema.

"Sasa nimpe?"

"Ngoja kwanza! Mbichi?"

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Bahari yetu ina joto mwaka mzima. Tunapenda kuogelea kwa sababu hiyo. Lakini wapo bakteria wanaopenda joto hilo hilo. Jamii moja yao inaitwa Vibrio. Hawa hawakuletwa na uchafu wa mtu yeyote. Wanaishi baharini tu, kwao ni huko. Wengine humwumiza mtu tumbo, na humwumiza mbwa pia. Kamba akifa na kukaa juani bila barafu, bakteria huzaana haraka sana. Ukimwona kamba kichwa kimeanza kuwa cheusi, ujue amekaa. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, usimpe mtu, usimpe mbwa.

"Lakini mjomba, mbwa mwitu mbona hula nyama mbichi na hapiki?"

Aha! Nilijua utaniuliza. Mbwa mwitu hula swala aliyemkamata sasa hivi. Hali kamba aliyeshinda kikapuni tangu alfajiri. Na mbwa mwitu naye huugua, ila hakuna anayemwandikia cheti. Popi wetu ana bahati. Ana Neema, na Neema ana jiko.

Mama akatoka na kisu, akakuta kamba wachache wameshamenywa. Akafurahi. Akabandika maji kwenye kijisufuria. Maji matupu. Yalipochemka, akamtia Kamba.

Je, mmewahi kumwona kamba akiiva? Anaingia akiwa wa kijivu, kidogo anapitisha mwanga. Anatoka mwekundu. Rangi ile nyekundu haikutoka jikoni. Ilikuwamo mwilini mwake siku zote, imeshikwa na protini na kufichwa. Moto ukiiachisha ile protini, rangi inafunguka na kuonekana. Kwa mpishi hiyo ni alama nzuri. Nyama ikiwa bado inapitisha mwanga katikati, kamba hajaiva. Ikiwa nyeupe yote, na wekundu kwa nje, tayari.

"Mama, mbona umempika peke yake kwenye kijisufuria? Si kuna mchuzi?"

Kwenye jiko jingine kulikuwa na sufuria kubwa. Mchuzi wa kamba wa nazi. Kitunguu maji kimekaangwa, kitunguu saumu kimetwangwa, bizari, nyanya, pilipili, chumvi, na tui zito. Mate yananijaa nikisimulia. Popi naye mate yalimjaa. Alikuwa amekaa pale pale, mkia unafagia vumbi.

"Ngoja kwanza, Popi," akasema mama. "Huu ni wetu. Si uchoyo."

Na kweli si uchoyo. Damu ya Popi, kama yako, ina seli nyekundu nyingi mno. Kazi yake ni kubeba oksijeni na kuipeleka mwili mzima. Kitunguu kina vitu ambavyo sisi hatuvihisi, lakini vikiingia kwenye damu ya mbwa huziharibu zile seli, zikapasuka. Kitunguu maji hufanya hivyo. Kitunguu saumu hufanya hivyo. Kibichi, kilichopikwa, kilichokaushwa kikawa unga, ni yale yale. Na ubaya wake haujitokezi papo hapo. Mbwa anakula leo, anacheza leo, anacheza kesho. Baada ya siku kadhaa anachoka. Fizi zinapauka. Mkojo unakuwa wa kahawia. Watu wanasema, "Sijui amepatwa na nini," wameshasahau mchuzi.

Tui zito nalo lina mafuta mengi. Mafuta mengi kwa mpigo huweza kumwasha mbwa kongosho, kile kiungo kilicho jirani na tumbo kinachosaidia kusaga chakula. Atatapika, ataumwa tumbo. Chumvi na pilipili sina haja ya kuvieleza. Hata kamba wakavu wa sokoni, wale wadogo, mara nyingi wametiwa chumvi. Popi hawahitaji.

Kwa hiyo kijisufuria cha maji matupu. Basi.

Mara kikapu kikatikisika. Gando likatokea. Gando la pili likatokea.

"Mnamsema Kamba tu! Mimi je?"

Huyo ndiye Kaa, yule niliyewaahidi. Kaa wa mikoko, mpana, mweusi-kijani, magando yamefungwa kwa ukindu lakini mdomo haukufungwa.

"Mimi ndiye mkubwa humu," akasema Kaa. "Mimi nimeishi kwenye tope, nikachimba shimo langu mwenyewe. Gando langu likikubana kidole, utaimba. Nyama yangu tamu kuliko ya huyo mwenye masharubu. Popi, nile mimi!"

Popi akanyoosha pua. Gando likacheza. Popi akarudisha pua.

"Bora," akasema Neema. "Ngoja kwanza."

Kaa ana nyama nzuri, simnyimi sifa zake. Lakini ganda lake ni gumu zaidi kuliko la kamba, maana limechanganyika na chokaa. Likivunjika linatoa vipande vyenye makali. Mbwa asipewe gando atafune, hata akiomba kwa macho yale mnayoyajua. Kaa achemshwe hadi aive kabisa. Halafu mtu mzima amvunje, atoe nyama nyeupe tu, na aipapase kwa vidole, kidogo kidogo, kutafuta vipande vya ganda. Vidole vinaona visivyoonwa na macho. Ile rojo ya njano na kijani iliyo chini ya gamba la mgongoni, Popi asiionje. Sehemu ya rojo ile ni kiungo kinachofanya kazi ya ini, na sumu alizokula kaa hupenda kukaa humo.

Na nyinyi wa Morogoro, wa Mbeya, wa Kigoma, nyinyi ambao kaa wenu ni wa mtoni, msidhani nimewasahau. Katika baadhi ya sehemu za Afrika, Asia na Amerika, kaa wa maji baridi hubeba mnyoo mdogo. Mbwa au mtu akila kaa huyo mbichi, mnyoo husafiri mwilini hadi mapafuni na kufanya makao huko. Moto humwua. Kwa hiyo kaa wa mto naye apite kwenye sufuria.

"Na kambakochi, mjomba?"

Kambakochi hakuwamo kikapuni. Bei yake mnaijua. Mwenye kumpa mbwa kambakochi, mimi simwelewi, lakini sheria ni ile ile: aive, avuliwe ganda, asitiwe kitu.

Sasa, chini kabisa ya kikapu alikuwamo mmoja ambaye hajasema neno. Amefumba mdomo. Nani?

Chaza.

Neema akamgonga kwa ukucha. "Na wewe huna la kusema?"

Chaza akafungua kidogo tu. "Mimi sijisifu," akasema. "Mimi kazi yangu ni kuchuja."

Mnakijua kifumbu? Bibi anatia nazi iliyokunwa kwenye kifumbu, anakamua. Tui linapita, machicha yanabaki. Chaza ni kifumbu kinachoishi. Anavuta maji ya bahari ndani, anayachuja, anayatoa. Vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinabaki ndani, ndicho chakula chake. Kome naye anafanya hivyo, na kombe pia. Wanachuja mchana, wanachuja usiku. Chaza mmoja wa pwani ya mashariki ya Marekani, hali ikiwa nzuri, huweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Hayo ni madumu tisa na nusu ya lita 20. Chaza mmoja!

Lakini kifumbu hakichagui. Maji yakiwa na uchafu wa choo, unabaki ndani. Yakiwa na bakteria, wanabaki ndani. Na kuna nyakati ambapo aina fulani za vijimea vya baharini huzaana kwa wingi sana, hata pengine maji hubadilika rangi, na baadhi ya vijimea hivyo hutengeneza sumu. Sumu nayo hubaki ndani ya Chaza. Mwenyewe mara nyingi haimsumbui. Anayemla ndiye anayesumbuka. Na kifumbu cha bibi huoshwa. Chaza tumboni atamwosha nani?

"Si tutampika, mjomba? Umesema moto huua."

Mtoto huyu! Umesikiliza, na umenibana vizuri. Moto huua bakteria. Moto huua mnyoo. Lakini sumu haina uhai wa kuuliwa. Sumu hizi za vijimea hazitoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Chaza mwenye sumu na chaza asiye na sumu wanafanana sura, harufu na ladha. Ndiyo maana nchi nyingi zina maabara zinazopima chaza kabla hawajauzwa. Chaza uliyemwokota mwenyewe mwambani hajapimwa na mtu.

Nikupeni mambo mawili yaliyotokea kweli.

La kwanza, Uingereza. Mwishoni mwa mwaka 2017 dhoruba ya baridi ilitupa viumbe wengi wa bahari kwenye fukwe za mashariki ya nchi hiyo. Samaki, kaa, viti vya pweza. Mbwa wakatembezwa ufukweni kama kawaida. Wakaokota, wakala. Baadhi wakaugua, na wengine wakafa. Wanasayansi walipopima viumbe wale waliotupwa, wakakuta sumu ile ile ambayo hupatikana ndani ya chaza na kome. Inaitwa saksitoksini. Hulegeza misuli, hata ile ya kuvutia pumzi. Haina dawa ya kuiondoa. Daktari humsaidia mgonjwa kupumua tu, mpaka sumu itoke yenyewe.

La pili, Nyuzilandi, mwaka 2009. Mbwa walikufa kwenye fukwe karibu na mji wa Auckland. Walikuwa wamekula konokono wa baharini wasio na ganda, waliotupwa na maji. Ndani yao kulikuwa na sumu ya bunju. Bunju yule yule anayejivimbisha, ambaye kila mtoto wa pwani amekatazwa kumla!

Kwa hiyo Neema alifanya nini na Chaza? Alimwacha kikapuni. Mama akasema chaza atamalizana naye yeye mwenyewe, maana anamjua aliyemwuzia na anapajua alipotolewa. Popi hakupewa hata mmoja. Wapo wanaosema chaza aliyepimwa, akapikwa akaiva, mbwa anaweza kuonja kidogo. Sawa. Mimi nasema mbwa hana sababu ya kuonja.

Haya, Kamba ameiva. Amepoa. Popi anatetemeka kwa hamu.

"Ngoja kwanza, Popi," akasema Neema, kwa mara ya mwisho, naahidi.

Akakata kipande kidogo, ukubwa wa ukucha wake. Akakiweka kwenye sahani ya Popi. Sahani yake, si ya nyumbani. Popi akakimeza kabla hakijatulia. Akatazama juu: kingine?

"Kingine kesho."

"Kwa nini kesho, mjomba?"

Kwa sababu wapo mbwa wachache ambao miili yao haikubali vyakula vya namna hii, kama walivyo watu wachache. Wakila, huwashwa, huvimba uso, hutapika au huharisha. Kwa kipande kidogo utaliona tatizo likiwa dogo. Popi alilala salama, akaamka salama. Kesho yake akapewa kamba mmoja mzima, aliyekaa kwenye barafu usiku kucha na kuchemshwa upya. Mbwa wa ukubwa wa kati, kamba mmoja au wawili wanamtosha, tena mara mojamoja. Madaktari wa mifugo hushauri kwamba vitu vya kumfurahisha mbwa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Sehemu tisa zibaki kwa chakula chake cha kila siku. Mbwa mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo asipewe bila daktari kuulizwa.

Na niseme lililo moyoni. Kamba ana protini nzuri, ana vitamini B12, mafuta yake machache. Lakini Popi hapungukiwi kitu asipomla. Dagaa waliochemshwa bila chumvi humpendeza vile vile, na mfuko wa mama haulii.

Mnadhani tumemaliza? Bado maganda! Mama amemenya, Neema amemenya, maganda yamejaa ungo. Mkiyatupa jalalani nyuma ya nyumba, Popi atayafuata usiku. Mkiyafukia, Popi atayafukua. Ana pua, ana makucha, na ana usiku mzima. Yafungeni kwenye mfuko, yatieni kwenye pipa lenye mfuniko unaobana. Na mkienda naye ufukweni baada ya dhoruba, au maji yakiwa na rangi msiyoizoea, mfungeni mnyororo asiokote kitu.

Ikitokea ameshaokota, muangalie. Anatapika tena na tena? Anakohoa kama anayetaka kutoa kitu kooni? Tumbo limevimba na hataki kuguswa? Miguu inalegea, anayumba, anapumua kwa shida? Usisubiri asubuhi. Mwite mtu mzima, na mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Kama mabaki ya alichokula yapo, yachukueni kwenye mfuko mkamwonyeshe daktari. Msimtapishe wenyewe, maana ganda lililoshuka bila kukata huweza kukata likirudi juu. Na daktari akiuliza amekula nini, mwambie kweli, hata kama ni wewe uliyempa.